UZI: Maji ya ziwa kwenye rejeta, na dawa ya kuzuia kutu tunayoidharau hapa Goma

Fundi wa Katindo (Goma)

Jambo sana kwa wote: wenye jenereta, wenye magari, mafundi wenzangu na mama zetu wanaouza samaki wa baridi.

Injini zinazoingia gereji zikiwa zimeliwa na kutu kutoka ndani zimezidi. Nyingi asili yake ni moja: rejeta imejazwa maji ya bidoni yaliyotekwa Ziwa Kivu, basi. Ukimuuliza mwenye mali kwa nini hakutia kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, atakujibu kwamba hicho ni kitu cha nchi za theluji, na Goma hakuna theluji. Nataka tuliongelee jambo hili mpaka liishe, maana linatumalizia pampu, rejeta na silinda hedi ambazo zingedumu miaka mingi.

Kulanti imebeba kazi mbili katika chupa moja. Sehemu kubwa ni ethilini glaikoli, inayozuia maji kuganda na kuyachelewesha kuchemka. Sehemu ndogo, asilimia chache tu, ni dawa ya kuzuia kutu. Hiyo ndogo ndiyo tunayoihitaji sisi, na haijali kama nje kuna theluji au jua. Tena joto huiongezea kutu mwendo, kwa hiyo injini inayofanya kazi kutwa kwenye nyuzi 85 au 90 inaihitaji dawa hiyo popote ilipo duniani.

Ndani ya mzunguko wa maji ya injini mna chuma cha bloku, alumini ya hedi, shaba ya rejeta za zamani na risasi ya kulehemu. Metali hizo zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, umeme mdogo unapita kati yake na metali iliyo dhaifu inaanza kuliwa. Alumini ndiyo huumia kwanza. Dawa inazitenganisha na maji kwa utando mwembamba usioonekana. Silikati hulinda alumini, nitriti na molibdeti hulinda chuma, toliltriazoli hulinda shaba, na borati au fosfati huzuia maji yasigeuke kuwa asidi. Kulanti za siku hizi zinazotumia asidi za kaboni hufanya kazi kwa namna nyingine kidogo: zinashika pale tu kutu inapotaka kuanzia, ndiyo maana hazichoki haraka.

Sasa tazama maji yetu. Ziwa Kivu si kama mito ya mlimani. Juu juu tu lina chumvi zilizoyeyuka kiasi cha gramu 1 kwa kila lita, magnesiamu nyingi, na pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi) karibu 9. Ukiyachemsha kwenye sufuria unaona ukoko mweupe. Ukoko huo huo unajishika ndani ya bloku, mahali penye moto mkali zaidi, nyuma ya silinda. Chuma chini yake kinashindwa kupoa, na geji haikuambii kitu kwa sababu inapima maji, haipimi chuma.

Leteni maswali. Nitajibu nikitoka kazini.

Birere Express (Goma)

Yaya Fundi, aksanti kwa uzi. Lakini wazee wetu walijaza maji ya ziwa kwenye malori miaka na miaka, na yale malori yalifika Butembo, yalifika Beni, yakarudi. Mbona hayakufa?

Na swali la pili: miye niko na Hiace. Kila asubuyi ninaongeza karibu nusu lita ya maji, lakini chini ya gari hakuna tone. Hayo maji iko inaenda wapi?

Fundi wa Katindo

Swali la kwanza ni zuri na linahitaji jibu la haki. Malori yale yalikuwa na bloku ya chuma nene, hedi ya chuma, rejeta ya shaba yenye mirija mipana. Chuma peke yake kwenye maji ya pH 9 hakiteseki sana. Hata hivyo yaliota ukoko na kutu, ila yalikuwa na nyama ya kutosha kuliwa. Injini ya Hiace yako au ya jenereta ya kisasa ina alumini nyembamba kwenye hedi, na rejeta yake ni ya alumini yenye mirija ambayo hata kijiti cha kiberiti hakipiti. Na alumini ina tabia yake: inaharibiwa na asidi kali, na inaharibiwa pia na maji yenye pH ya juu. Kwenye 9 kwenda juu utando wake wa asili unaanza kuyeyuka. Maji yaliyomvumilia mzee hayamvumilii kijana.

Kuhusu nusu lita kila asubuhi, hilo ni jambo zito kuliko unavyolichukulia. Anza na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hushikilia mgandamizo wa karibu bari 1. Goma iko karibu mita 1,460 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kikilegea, maji yanachemka mapema, yanatoka kama mvuke, na chini hukuti tone. Nimeona watu wamefungua injini nzima kutafuta gasketi ya silinda hedi iliyopasuka, kumbe mpira wa kifuniko umekauka. Badilisha kifuniko kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Kama maji yanaendelea kupungua, tazama oili: ikiwa na rangi ya maziwa, au rejeta ikitoa mapovu bila kukoma injini inapounguruma, hapo gasketi inahusika.

Na hii muielewe wote: katika mzunguko uliofungwa vizuri, hewa iliyoyeyuka kwenye maji hutumika ikaisha, na kutu hupunguza kasi. Unapoongeza maji mapya kila siku unaipelekea kutu chakula kipya kila siku, tena na chumvi mpya. Maji yanapotoka kama mvuke, chumvi haiondoki nayo, inabaki na kurundikana.

Mwalimu wa Kemia (Bukavu)

Ninathibitisha maneno ya Fundi kuhusu alumini. Oksidi yake inakubali kuyeyuka pande zote mbili, kwenye asidi na kwenye besi, na eneo salama ni takriban kati ya pH 4 na 9. Ninyi wa Goma mko ukingoni kabisa.

Niongeze jambo la mvua, maana najua mtu atasema: basi tukinge maji ya bati. Mvua kwa kawaida ina chumvi kidogo kuliko ziwa, lakini volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zinapotoa moshi, mna gesi za salfa, klorini na florini ndani yake. Mvua ikipita humo inashuka na asidi. Wakaaji wa Rusayo na upande wa Sake wanajua mabati yao yanavyoliwa. Maji hayo yakipita kwenye bati yanabeba pia zinki na vumbi la volkano. Kwa hiyo maji ya mvua yapimwe kwa karatasi ya pH kabla ya kuyaamini. Bukavu tuko mbali zaidi na moshi huo.

Kulanti iliyochanganywa vizuri tayari ina pH ya juu kidogo, mara nyingi kati ya 8 na 10 na zaidi kutegemea aina, lakini ndani yake kuna silikati au asidi za kaboni zinazoilinda alumini. Maji ya ziwa yana pH hiyo bila mlinzi.

Mama wa Sambaza (Goma)

Fundi, jambo. Mimi si fundi, nina jenereta ya kufanyia friza za samaki. Umeme ukikatika, bila jenereta mali yote inaoza. Kijana anayeishughulikia aliniambia kulanti ni ghali, akatia maji na "kitu ya kijani" kutoka sokoni. Nitajuaje kama hiyo ya kijani ni dawa kweli au ni rangi tu? Na nikitaka kufanya vizuri, nianzie wapi?

Fundi wa Katindo

Mama, aksanti kwa swali, ndilo lenyewe.

Rangi haikuambii chochote. Kijani, nyekundu, bluu, waridi, kila kiwanda kinachagua chake. Soma kwanza kopo: liseme kama ni ya kuchanganya na maji au ni tayari, liseme kiasi, liseme aina. Kopo lisilosema lolote liache dukani.

Halafu kuna jaribio ambalo mama yeyote wa sokoni anaweza kufanya: mizani. Glaikoli ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya kulanti isiyochanganywa huwa na kilo 1 na gramu mia moja na kidogo. Ile tayari ya nusu kwa nusu inakaribia kilo 1 na gramu 70. Maji yaliyotiwa rangi yatakupa kilo 1 kamili. Tumia chupa moja, ipime tupu, ijaze maji hadi alama, upime, kisha uijaze hiyo ya kijani hadi alama ile ile. Ikilingana na maji, umeuziwa maji. Jaribio hili linaonyesha glaikoli tu, halionyeshi dawa ya kutu, lakini wauzaji wa maji ya rangi hunaswa nalo.

Baada ya hapo, kazi yenyewe. Na hapa nawaomba mafundi wenzangu wasome polepole, kwa sababu dawa ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kitu. Utando haushiki kwenye ukoko, haushiki kwenye matope. Dawa nzuri kwenye mfumo mchafu humalizikia kwenye uchafu.

Injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto hata kama una haraka ya namna gani, maji yaliyobanwa yanaruka juu na kuchoma uso. Fungua bomba la chini la rejeta na kizibo cha bloku kama kipo, kwa sababu ukitoa ya rejeta peke yake, sehemu kubwa ya maji machafu hubaki ndani ya bloku. Toa thamostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata moto) au subiri ifunguke, vinginevyo unaosha nusu ya mfumo. Jaza maji safi, washa, acha ipate moto, zima, ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kama kuna ukoko, asidi ya sitriki iliyopunguzwa sana inasaidia, lakini kwa injini yenye alumini iwe muda mfupi, na uoshe baadaye bila uvivu. Asidi ya betri na asidi ya kusafishia vyoo zisikaribie injini yako.

Sasa kuchanganya. Tuseme mfumo wako wote unachukua lita 12 na umenunua kulanti ya kuchanganya. Unataka lita 6 za kulanti na lita 6 za maji. Watu hukosea kwa kuchanganya pembeni kisha kujaza, wakasahau kwamba baada ya kuosha bado kuna maji yaliyobaki ndani. Wewe mimina lita 6 za kulanti kwanza, peke yake, kisha malizia na maji mpaka ijae. Hapo kipimo kinatoka sawa. Washa kifuniko kikiwa wazi, acha thamostati ifunguke ili hewa itoke, ongeza, funga.

Hapa kwetu si lazima ifike nusu kwa nusu, lakini usishuke chini ya theluthi 1, kwa sababu dawa ya kutu imepimwa kwa kufuata glaikoli: ukipunguza kulanti umepunguza dawa. Wala usizidishe ukidhani ndiyo ulinzi. Maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli, na ukipita asilimia 60 injini inapoa vibaya.

Kasumbalesa Route (Lubumbashi)

Salamu kutoka Katanga. Sisi wa malori makubwa tunaweka dawa tupu ndani ya maji, bila glaikoli. Vitabu vya injini kadhaa kubwa za dizeli vinaruhusu hivyo kwa nchi za joto, mradi kipimo cha dawa kifuatwe. Hapa visima vyetu vina chokaa, birika inaota jiwe, kwa hiyo tunatafuta maji yaliyotolewa madini.

Jambo ambalo mtu asilipuuze kwenye dizeli kubwa ni silivu za silinda (mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazoguswa na maji. Zinatetemeka injini inapofanya kazi, na kando yake vinazaliwa vipovu vidogo vinavyopasuka juu ya chuma. Kila kipovu kinang'oa chembe. Baada ya muda kuna vitundu vinavyopenya hadi ndani, na maji yanaingia kwenye oili. Nitriti au molibdeti ndiyo inayofunga vidonda hivyo kabla havijachimba. Kwa hiyo kulanti ya gari dogo usiitie kwenye lori au jenereta kubwa bila kusoma kama inafaa dizeli nzito.

Fundi wa Katindo

Ndugu wa Katanga umesema la maana. Jenereta kubwa za hoteli na hospitali ziko kwenye kundi hilo hilo.

Na kwa kuwa umetaja maji yaliyotolewa madini: hapa Goma watu huomba dukani "maji ya betri". Muwe macho. Kwa jina hilo hilo kuna wanaouza maji safi ya kuongezea betri, na kuna wanaouza asidi ya kujazia betri mpya. Ya pili ikiingia kwenye rejeta ni balaa. Ukiwa na shaka, tia matone machache juu ya bikaboneti ya kuokea mandazi: yakitoa povu, ni asidi.

Matelo wa Kadutu (Bukavu)

Mimi ni wa injini za boti. Watu wakisikia boti inapozwa na maji ya ziwa wanadhani ni ruhusa ya kujaza maji ya ziwa kila mahali. Kwenye boti nyingi zenye injini ya ndani kuna mizunguko 2. Maji ya ziwa yanapita kwenye kibadilisha joto tu, upande mmoja wa mirija, kisha yanatupwa nje. Upande wa pili kuna maji ya injini yenyewe, yamefungwa, na humo kulanti ni lazima kama kwenye gari. Mirija ya kibadilisha joto ina kipande cha zinki kilichowekwa ili kiliwe badala yake. Kikiisha kibadilishwe. Nimekuta vibadilisha joto ambavyo zinki yake imebaki mzizi tu, na mwenye boti hakujua kama ipo.

Mwana wa Himbi (Liège, Ubelgiji)

Wapendwa, jambo. Mimi nafunga mifumo ya kupasha nyumba joto huku. Najua hapo nyumbani hamna haja nayo, lakini ugonjwa ni ule ule na dawa ni ndugu, kwa hiyo niseme kidogo.

Nyumba ya huku ina boila, mabomba ya shaba, na mapaneli ya chuma ukutani, yote yakizunguka maji yale yale miaka kumi na zaidi. Bila dawa, chuma hugeuka matope meusi yanayoitwa magnetaiti, ambayo hata sumaku inayavuta. Paneli ikiwa baridi chini na moto juu, matope yamelala humo. Ikiwa baridi juu, kuna hewa, au haidrojeni iliyozaliwa na kutu yenyewe. Mwenye nyumba anayetoa hewa kila wiki bila kuelewa inatoka wapi, mara nyingi kutu inamzungumzia.

Kiasi cha dawa kinafuata ujazo wa maji. Bidhaa nyingi huku ni lita 1 ya dawa kwa takriban lita 100 za mfumo, ila chupa ndiyo yenye neno la mwisho. Hatuimwagi tu: tunaosha kwanza, tunatia kupitia kichujio cha sumaku au kwenye paneli moja iliyofungwa vali zake, kisha pampu inazungusha mpaka ichanganyike kote. Uingereza, kanuni ya BS 7593 iliyorekebishwa mwaka 2019 inataka dawa ipimwe kila mwaka, na baada ya miaka 5 itiwe upya au maji yakapimwe maabara. Wajerumani kwa kanuni yao ya VDI 2035 wanatanguliza ubora wa maji yenyewe: yatoe madini kwanza, dawa ifuate kama inahitajika. Kwa maji ya Kivu, mimi nawafuata Wajerumani.

Kosa kubwa nililoliona huku ni lile la Birere Express: mfumo unavuja kidogo, mwenyewe anaongeza maji kila mara, na kila akiongeza anaipunguza dawa na kuingiza hewa. Baada ya muda dawa imekuwa jina tu.

Birere Express

Nimebadilisha kifuniko. Maji hayapungui tena. Sasa Yaya, nitajuaje kama dawa imechoka, bila kupeleka maabara?

Fundi wa Katindo

Vizuri sana. Kwanza toa hayo maji ya ziwa kabla hujafurahi, kifuniko kipya kimeziba njia tu.

Kupima: karatasi za pH. Kulanti ikishuka kuelekea 7, itoe. Glaikoli inapozeeka kwa joto huvunjika ikawa asidi, na dawa yote inaishia kupigana nayo. Kuna pia vipande vya karatasi vya kupima nitriti kwa dizeli kubwa, vinapatikana kwa wauza vipuri vya malori. Kile kifaa cha kutazama kwa jicho kwenye mwanga kinapima glaikoli peke yake, hakijui lolote kuhusu dawa, msidanganyike nacho.

Mwenye maltimita (kipima umeme) afanye hivi injini ikiwa baridi na imezimwa: waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikisoma chini ya volti 0.1 ni nzuri. Ikipita 0.3, maji hayo yanafanya kazi ya betri, yabadilishe. Rudia injini ikiwaka na taa zimewashwa. Namba ikiruka juu wakati huo, una ardhi mbovu ya umeme mahali fulani, na kulanti mpya nayo itakufa upesi usipoitengeneza.

Za silikati zibadilishwe kila miaka 2 hivi, za asidi za kaboni hufika 5, mradi hazikuchanganywa. Ukichanganya aina mbili usizozijua, baadhi hutengeneza utelezi kama jeli na kuziba mirija.

Na unga wa muhogo, mayai, pilipili, tumbaku vya kuzibia tundu la rejeta, tuviache. Vinaziba tundu, vinaziba na mirija, na kwenye uchafu huo dawa haishiki. Rejeta iliyotoboka inalehemiwa au inabadilishwa.

Mama wa Sambaza

Fundi, nimepima ile ya kijani kwa mizani. Uzito ni wa maji kabisa. Nimemwita kijana, tumeimwaga pamoja mbele yangu, ilitoka nyekundu kama udongo. Sasa nataka kujua mambo mawili. Hayo maji machafu na kulanti zitakazotoka siku za mbele tutupe wapi? Na bidoni la njano lililobebea kulanti, nikiosha kwa sabuni, naweza kuchotea maji ya nyumbani?

Fundi wa Katindo

Mama, bidoni hilo lisirudi jikoni hata ukiliosha mara ngapi. Ethilini glaikoli ni sumu na ina ladha tamu, na utamu huo ndio hatari yake kwa watoto, mbuzi na mbwa. Kiasi cha mililita 100 kinaweza kumuua mtu mzima, mtoto kidogo zaidi. Mtu akiinywa, anaonekana kama mlevi kwanza, kisha figo zinaharibika. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama anasema yuko sawa, na kopo libebwe ili daktari asome. Kwa mji ambao kila nyumba inachota maji kwa bidoni la njano, ombi langu ni kwamba lile la kulanti lipakwe rangi nyekundu pande zote na likatwe mdomo, lisifanane na mengine.

Kulanti iliyotoka isimwagwe ziwani, wala kwenye mfereji unaoteremka ziwani, maana bomba la mji linakunywa humo humo. Ihifadhi kwenye pipa lililofunikwa, mbali na watoto, ukaulizie gereji kubwa au wauza oili wanaokusanya oili chafu, na usiichanganye na oili hiyo ndani ya pipa moja.

Gîte ya Nguba (Bukavu)

Samahani kuingia mwishoni. Nina nyumba ya wageni yenye mtambo wa jua wa kuchemshia maji, ule wenye maji yake ya ndani yanayozunguka kwenye koili ndani ya tangi. Baada ya kusoma haya nilitaka kutia kulanti ya gari humo. Ni sawa?

Mwana wa Himbi

Hapana, ndugu, tafadhali usitie! Koili ikitoboka, kulanti inaingia kwenye maji ya kuogea na ya kupigia mswaki ya wageni wako. Kwa mtambo wa jua kuna propilini glaikoli yenye dawa yake ya kutu, iliyotengenezwa kwa joto kali la paneli. Hiyo haina sumu ile. Bukavu hamna baridi ya kugandisha, kwa hiyo kuna mitambo inayokubali maji yaliyotolewa madini pamoja na dawa peke yake. Tazama kijitabu cha mtambo. Kama umeshamimina, funga maji ya moto ya wageni leo, mwaga, osha mzunguko wote kabla ya kuufungua tena.

Gîte ya Nguba

Sikuwa nimemimina bado. Kopo nimelirudisha kwa jenereta.

Mwana wa Himbi

Vema. Nitumie picha ya kibati kilichobandikwa kwenye tangi, nikuangalizie ujazo wa mzunguko na aina ya koili, kama ni shaba au chuma cha pua.